Grace Hopper: Mfasiri wa Tarakilishi

Grace Hopper alizaliwa jijini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alisomea hisabati katika Chuo cha Vassar, kisha Chuo Kikuu cha Yale, alikotunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1934. Alifundisha Vassar hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipomtoa darasani. Mnamo 1943 alijiunga na Jeshi la Wanamaji, ingawa uzito wake haukufikia kiwango kilichotakiwa. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kuiandikia programu tarakilishi ya Mark I.

Enzi hizo, maagizo ya mashine yaliandikwa kwa tarakimu tupu. Sehemu zilizohitajika mara kwa mara zilinakiliwa kwa mkono kutoka madaftarini, na kosa la tarakimu moja liliiharibu kazi nzima. Mwaka wa 1949 Hopper alihamia Philadelphia kushughulikia tarakilishi ya UNIVAC, na huko akaamua kuitwika mashine yenyewe mzigo huo. Mnamo 1952 alikamilisha A-0. Sehemu za programu zilihifadhiwa kwenye utepe, kila moja na nambari yake. Mashine ikazisoma nambari, ikazitafuta sehemu hizo na kuziunganisha. Hiyo ilikuwa miongoni mwa kompaila za mwanzo kabisa.

Hopper alipopendekeza maagizo yaandikwe kwa maneno ya Kiingereza, alijibiwa kwamba tarakilishi haijui Kiingereza. Aliwaonyesha wakuu wake programu moja kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wakuu walishtuka: mashine iliyoundwa Marekani ingejuaje lugha za kigeni? Hawakung'amua kwamba kwa mashine, neno la lugha yoyote ni alama tu ya kubadilishwa kuwa tarakimu. Ilimbidi awahakikishie kuwa Kiingereza pekee ndicho kingetumika. Ndipo ikazaliwa FLOW-MATIC, iliyochangia pakubwa lugha ya COBOL, ambayo ilianza kubuniwa mwaka wa 1959.

Alistaafu jeshini mwaka wa 1986 akiwa na cheo cha 'rear admiral' na umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington.

Leo, anayetumia Linux anaweza kuchukua matini chanzi ya programu na kuikabidhi kompaila, nayo huifasiri katika lugha ya mashine yake. Matini hizo zimejaa Kiingereza kwa sababu wanadamu waliamua hivyo. Mashine haikuwahi kukidai. Anayekiona Kiswahili kuwa hakiwezi kuongoza tarakilishi anarudia kosa la wakuu wale wa Philadelphia.