Rosalind Franklin na siri ya kirusi cha tumbaku

Mwanasayansi wa Uingereza Rosalind Franklin anakumbukwa zaidi kwa picha ya DNA iliyowajengea sifa watu wengine. Lakini kazi iliyomshughulisha hadi kufa kwake ilikuwa nyingine: kuchunguza kirusi kinachoshambulia majani ya tumbaku.

Alizaliwa London tarehe 25 Julai 1920, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Alisomea kemia Cambridge na kupata shahada ya udaktari mwaka 1945 kwa utafiti wa makaa ya mawe. Mwaka 1947 alikwenda Paris, ambako alibobea katika kutumia miale ya eksirei kutambua mpangilio wa vitu visivyoonekana kwa macho.

Aliporejea London mwaka 1951 alijiunga na King's College. Mwezi Mei 1952 mwanafunzi wake, Raymond Gosling, akiongozwa naye, alipiga picha iliyodhihirisha umbo la DNA. Januari 1953 mwenzao, Maurice Wilkins, alimwonyesha James Watson picha hiyo bila Franklin kujua. Miezi mitatu baadaye Watson na Francis Crick walitangaza ugunduzi wao.

Kazi ya Birkbeck

Mwaka huo huo Franklin alihamia chuo cha Birkbeck. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba kirusi cha tumbaku kina protini na RNA. Swali lilikuwa: RNA hiyo imekaa wapi?

Mwaka 1956 alionyesha kwamba haimo katika uwazi wa katikati. Imezamishwa ndani ya protini yenyewe, ikizunguka kama ngazi ya mnara.

Mwaka huo pia aligundulika kuwa na saratani. Alifanyiwa upasuaji, lakini aliendelea kufika maabara na kuanza uchunguzi wa kirusi cha polio. Alifariki dunia tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Siku iliyofuata maonyesho ya dunia yalifunguliwa Brussels, na mfano wa kirusi alioutengeneza ukiwa miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa.

Watson, Crick na Wilkins walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1962. Aaron Klug, aliyefanya kazi naye Birkbeck, aliipata mwaka 1982. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu.

Urithi wake

Tangu wakati huo RNA imekuwa alama ya kuyatambua maradhi ya mimea. Mwaka 1971 Theodor Diener alitangaza nchini Marekani kwamba ugonjwa mmoja wa viazi huletwa na RNA tupu, isiyo na ganda la protini. Nchini Italia, watafiti walikuta RNA ndogo za mviringo katika micheri yenye majani ya madoa ya rangi ya kutu. Hata hivyo, kukutwa kwake katika mti mgonjwa hakutoshi kuthibitisha kwamba ndizo zilizouleta ugonjwa.

Afrika Mashariki nayo inaijua njia hiyo. Mahindi yalipoanza kunyauka kwa wingi nchini Kenya mwaka 2011, virusi vilivyobainika kuhusika vilikuwa vya RNA, kama kile cha tumbaku alichokichunguza Franklin.