Maisha ya Frédéric Chopin na Nokturni Yake ya E-flati

Utangulizi

Mwanafunzi, huenda umewahi kutakiwa ueleze kipande cha muziki kisicho na maneno ukabaki ukitafuna kalamu. Wimbo una maneno ya kushikilia. Shairi lina beti, vina na kibwagizo. Nokturni haina maneno hata moja. Ni kipande kifupi cha piano, aghalabu cha utulivu, ambacho jina lake linatokana na usiku. Basi.

Watahiniwa wengi wanapokwama hapa hukimbilia maisha ya mtunzi. Alikuwa mgonjwa, kwa hivyo muziki huu ni wa mgonjwa. Alikuwa mbali na kwao, kwa hivyo muziki huu ni kilio cha mtu aliye ugenini. Majibu ya aina hii huvutia lakini hayana mguu wa kusimamia. Sehemu hii inakusimulia maisha ya Chopin na kukuonyesha ni wapi yanakufaa na ni wapi yanaweza kukupotosha. Kipande tutakachokirejelea ni Nokturni ya E-flati meja, Opasi 9 Namba 2.

Maisha ya awali

Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw, nchini Polandi. Babake, Nicolas, alikuwa Mfaransa aliyehamia Polandi na kufundisha Kifaransa. Mamake, Justyna, alikuwa Mpolandi. Chopin alikuwa mvulana pekee kati ya watoto wanne. Dadake mdogo, Emilia, alifariki mwaka 1827 akiwa bado msichana.

Kipawa chake kilijitokeza mapema. Mwaka 1817, akiwa na umri wa miaka saba, utungo wake wa kwanza ulichapishwa. Mwalimu wake wa kwanza, Wojciech Żywny, alimpitisha katika kazi za Bach na Mozart. Baadaye alisomea utunzi chini ya Józef Elsner, mwalimu aliyekuwa na hekima ya kutomlazimisha kijana huyu aandike kama watu wengine.

Zingatia jambo moja kuhusu ujana wake: alipenda sana opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Aliwasikiliza waimbaji jinsi walivyovuta pumzi, walivyoishikilia noti na walivyoipamba sauti kwa madoido. Hakuwa mwimbaji, lakini aliyoyasikia aliyahamishia kwenye vidole. Ukweli huu wa maisha yake una faida kubwa kwa mhakiki kwa sababu unasikika waziwazi katika nokturni tunayoisoma.

Kuondoka nyumbani

Wakati huo Warsaw ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Tarehe 2 Novemba 1830, Chopin aliondoka kwenda Vienna kutafuta jina na riziki. Kabla mwezi huo haujaisha, Wapolandi walikuwa wamewaasi Warusi. Septemba 1831 uasi ulizimwa na Warsaw ikaanguka. Habari hizo zilimfikia akiwa Stuttgart, Ujerumani, zikamtia uchungu mkubwa. Alifika Paris mwaka uo huo. Hakuikanyaga tena ardhi ya Polandi.

Mjini Paris alijipatia riziki kwa kuwafundisha piano watu wa familia tajiri na kwa kuuza tungo zake kwa wachapishaji. Hakupenda kumbi kubwa. Maishani mwake alitumbuiza hadharani takriban mara thelathini tu. Alipendelea kupiga piano katika sebule za marafiki, na mguso wake ulikuwa mwepesi.

Nokturni na jina lake

Kumbuka kwamba si Chopin aliyebuni nokturni ya piano. Aliyemtangulia ni John Field, Mwairishi aliyeishi Urusi kwa miaka mingi. Field ndiye aliyezoesha watu mtindo wa mkono wa kulia kuimba huku mkono wa kushoto ukisindikiza kwa noti zilizotawanyika. Chopin aliuchukua mtindo huo akaukuza. Aliandika nokturni zipatazo ishirini na moja, na kumi na nane kati yake zilichapishwa akiwa hai.

Nokturni tatu za Opasi 9 alizitunga kati ya mwaka 1830 na 1832. Alizitabaruku kwa Marie Pleyel, mpiga piano aliyekuwa mkewe Camille Pleyel, mtengenezaji wa piano ambazo Chopin alizienzi. Zilipochapishwa London, mchapishaji alizibandika jina la kuvutia wanunuzi, akazifanya kuwa minong'ono ya mto Seine, mto unaopita Paris. Chopin alichukizwa na tabia hiyo. Yeye alitaja aina ya kipande, ufunguo na namba, kisha akanyamaza. Hakutaka kumwambia msikilizaji aone mto, mwezi wala machozi.

Je, kunyamaza huko kunamaanisha kwamba muziki wake hauna maana? La hasha. Kunamaanisha kwamba maana itafutwe ndani ya noti zenyewe. Hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Tusikilize kipande chenyewe

Kipande hiki kina vipimo 34 tu, yaani vile visehemu vinavyotenganishwa na mistari ya wima. Kila kipimo kina mapigo manne makuu, na kila pigo limegawanyika mara tatu. Mkono wa kushoto unapiga noti moja ya chini, kisha noti kadhaa kwa pamoja mara mbili. Karibu kila mahali unarudia mwendo huo kama anayebembeleza mtoto.

Mkono wa kulia unaanza kwa kuruka kutoka so hadi mi ya juu. Jaribu kuimba mruko huo. Utagundua kwamba sauti inapanda kama ya mtu anayemwita mwenzake. Baada ya hapo tuni inateremka polepole. Tuni hiyo ya mwanzo inasikika mara nne, na kati ya mara hizo inaingia sehemu ya pili inayotuondoa kidogo kwenye ufunguo wa nyumbani na kuturudisha.

Hii ni takriri, mbinu unayoijua kutoka katika ushairi. Hata hivyo, kibwagizo cha shairi mara nyingi hurudi kilivyo. Tuni ya Chopin hairudi ilivyo. Kila inaporudi imeongezewa madoido: mtetemo hapa, noti ndogondogo za haraka pale, jinsi mwimbaji wa opera anavyoupamba ubeti anapourudia. Nakala za wanafunzi wake zilizohifadhiwa zinaonyesha kwamba aliwaandikia madoido mengine kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hivyo, hata mtunzi hakuiona tuni hii kuwa na sura moja tu.

Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mkono wa kushoto ushike mwendo kama kiongozi wa kwaya, ilhali wa kulia uwe huru kuchelewa au kuharakisha kidogo. Hapo pana ukinzani: mkono mmoja umetulia, mwingine unahangaika.

Sasa tega sikio karibu na mwisho. Sauti iliyoanza kwa upole inapanda hadi kilele chenye nguvu. Mkono wa kushoto, uliobembeleza tangu mwanzo, unanyamaza. Wa kulia unabaki peke yake ukizungusha noti chache juu kabisa, bila kufungwa na mapigo. Kisha wa kushoto unarudi, sauti inafifia, na kipande kinaisha kwa utulivu mkubwa.

Mhakiki anaweza kusema hivi: kipande kinaonyesha hisia iliyozuiliwa kwa adabu, ikazidi kukua kila iliporudiwa, ikafurika mara moja, kisha ikatulia. Tafsiri hii ina mashiko kwa sababu kila dai lake lina ushahidi wa kusikika. Mwenzako anaweza kusikia furaha badala ya huzuni. Ufunguo ni wa meja, kwa hivyo hajakosea, mradi naye aonyeshe alikoisikia.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1838 Chopin alianza uhusiano na mwandishi wa Kifaransa aliyejulikana kwa jina la George Sand. Kipupwe cha mwaka huo walikwenda katika kisiwa cha Mallorca, lakini mvua na baridi zikaizidisha afya yake kuzorota. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitunga wakati wa kiangazi katika nyumba ya Sand huko Nohant. Walitengana mwaka 1847.

Mwaka 1848 alisafiri Uingereza na Uskoti akiwa amedhoofika sana. Mara yake ya mwisho kupiga piano hadharani ilikuwa London, Novemba mwaka huo, katika hafla ya kuwachangia Wapolandi. Alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na umri wa miaka 39. Mwili wake ulizikwa Paris. Dadake, Ludwika, aliubeba moyo wake hadi Warsaw, nao umehifadhiwa ndani ya nguzo ya kanisa la Msalaba Mtakatifu.

Mwisho huu unagusa moyo, na ndipo mtego ulipo. Linganisha tarehe. Nokturni yetu ilichapishwa Chopin alipokuwa kijana wa miaka 22 hivi. Hakuwa amekutana na Sand. Mallorca haikuwa hata ndotoni. Anayeandika kwamba kipande hiki ni kilio cha mapenzi yaliyovunjika au buriani ya mtu anayekufa amemtwisha kijana mzigo wa miaka ambayo hakuwa ameiishi.

Tanbihi kwa mtahiniwa

Maisha ya mtunzi yanakueleza alijifunza wapi, aliiga nini na alipiga piano kwa namna gani. Hayakuelezi maana ya kipande. Unapojibu swali, anza na unachokisikia, taja mahali unapokisikia, toa tafsiri yako, kisha ulete maisha ya mtunzi ikiwa tu tarehe zinakubali.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi mapenzi ya Chopin kwa opera yanavyojitokeza katika nokturni hii.
2. Linganisha takriri katika nokturni hii na kibwagizo katika shairi ulilolisoma.
3. Mtahiniwa ameandika kwamba nokturni hii inaomboleza kutengana kwa Chopin na George Sand. Mkosoe kwa kutoa sababu mbili.
4. Kisikilize kipande mara mbili. Toa tafsiri yako ya dakika ya mwisho na uitetee kwa ushahidi wa sauti pekee.