Mobutu, mutu aliyeshuka kutoka mu mawingu

Wazee wetu wangali wanakumbuka ginsi habari ya usiku ku televizyo ya Zaïre ilikuwa inaanza: mawingu mengi, na katikati yake sura ya Mobutu inashuka polepole. Haikuwa jambo la bahati. Mutu huyu alijua nguvu ya picha.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake alikuwa mupishi, na alikufa mutoto angali mudogo. Mobutu akakuwa askari mu Force Publique. Alitoka mu jeshi mu 1956, akaanza kuandika habari mu gazeti L'Avenir, kule Léopoldville.

Alikamata mamlaka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka uliofuata, televizyo ya serikali ikaanza Kinshasa. Lakini kulikuwa shida moja. Mawimbi ya televizyo yanaenda sawa na mwangaza wa tochi: hayazunguki mulima, na mbali sana hayafike. Kwa kufikisha picha mpaka huku kwetu Ituri, inaomba antena za kupokezana njiani, ao satelaiti.

Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, kila mumoja kwa dola milioni 5. Walianza karibu saa kumi ya usiku, sababu ku Marekani watu walikuwa bado macho, na picha zilipita ku satelaiti. Mobutu hakuenda ku stade. Aliangalia ku televizyo kwake nyumbani.

Mu 1976 ikafunguliwa Cité de la Voix du Zaïre, jengo refu la radio na televizyo, lililojengwa na kampuni Thomson-CSF ya Ufaransa. Wakati ule serikali ilikuwa inategemea shaba kwa kulipa madeni yake, lakini bei ya shaba ilikwisha kuanguka tangu 1974. Muchimbaji yeyote anaelewa: ukikopa wakati bei iko juu, deni haishuki pamoja na bei.

Mwisho wa 1989, ekra za dunia nzima zilionyesha maiti ya rafiki yake Ceaușescu, mutawala wa Romania, aliyeuawa tarehe 25 Desemba. Miezi ine kisha, tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza kule N'Sele mwisho wa chama kimoja. Ile televizyo iliyokuwa inamushusha kutoka mbinguni ikamuonyesha akitoka machozi kama mutu yeyote.

Alikimbia Kinshasa tarehe 16 Mei 1997, akafariki Rabat, inchi ya Maroc, tarehe 7 Septemba mwaka ule. Alizikwa huko huko. Jengo lake lingali Kinshasa, na RTNC inafanyia kazi ndani.

Siku hizi, hapa Komanda, paneli ya jua na dekoda zinatosha kwa kuona picha za inchi zote. Basi ukiona mukubwa anashuka kutoka mu mawingu, uliza kwanza nani analipa.