Sui Sin Far: Chotara Aliyekataa Kujificha

Tunapohakiki kazi za fasihi zinazosimulia mapenzi ya watu wa rangi tofauti, aghalabu tunawachunguza wahusika na kumsahau mtunzi. Maisha ya Edith Maude Eaton, aliyetumia jina la kalamu la Sui Sin Far, yanatukumbusha kwamba mtunzi naye huweza kuwa ameyaonja anayoyasimulia.

Edith alizaliwa tarehe 15 Machi 1865 katika mji wa Macclesfield, Uingereza. Babake, Edward Eaton, alikuwa Mwingereza aliyetoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa hariri. Mamake, Grace, alikuwa Mchina. Katika miaka ya 1870 familia hiyo ilihamia Montreal, Kanada. Kadiri watoto walivyoongezeka, ndivyo ufukara ulivyozidi. Edith, mtoto wa pili, aliacha shule mapema, akawa anachuuza lesi alizofuma kwa mikono yake pamoja na picha alizochora babake. Watoto wenzake walipotambua asili ya mamake, walimzomea yeye na ndugu zake barabarani. Baadaye alijifunza hatimkato, kisha akaanza kuandikia magazeti.

Nyakati hizo zilikuwa ngumu kwa Wachina. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Mwaka 1885 Kanada nayo iliwatoza wahamiaji wa Kichina kodi ya kichwa ya dola 50, ambayo kufikia mwaka 1903 ilikuwa imepanda hadi dola 500. Edith alikuwa na sura ya Kizungu. Angalinyamaza, ni wachache ambao wangalimtambua. Mdogo wake Winnifred, ambaye pia alikuwa mtunzi, alijiita Onoto Watanna na kujidai kuwa na damu ya Kijapani, maadamu Wajapani waliheshimiwa kuliko Wachina. Riwaya zake zilipata soko kubwa.

Edith alishika njia nyingine. Siku moja, akila pamoja na mwajiri wake na watu wengine, mazungumzo yaligeuka kuwa ya kuwabeza Wachina, hata mwajiri huyo akatilia shaka kama wana roho sawa na watu wengine. Edith alijua fika hasara ambayo ingemfika endapo angesema. Hata hivyo, aliwaambia kwamba yeye ni Mchina. Mwajiri alimwomba radhi, lakini Edith hakukaa sana katika mji huo.

Mwaka 1898 alihamia San Francisco, na baadaye akaishi Seattle na Boston, akijikimu kwa kazi za ukarani huku akiandika kuhusu mitaa ya Wachina. Mwaka 1912 mkusanyiko wake wa hadithi, *Mrs. Spring Fragrance*, ulichapishwa Chicago. Katika hadithi mojawapo, maafisa wanamnyang'anya mama wa Kichina mtoto wake bandarini kwa kukosa hati. Miezi inapita, na mtoto anaporejeshwa hamtambui tena mamake. Katika nyingine, mwanamke Mzungu aliyetendwa vibaya na mume wa rangi yake anapata utu na mapenzi kwa mume wa Kichina. Kwa wasomaji wengi wa wakati ule, ndoa ya namna hiyo ilikuwa fedheha. Edith aliisawiri kama ndoa yoyote ile, yenye furaha na machungu yake.

Hakuwahi kuolewa, na afya yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni. Alifariki Montreal tarehe 7 Aprili 1914, akiwa na umri wa miaka 49. Wachina wa mji huo walimjengea mnara kaburini na kuuandika kwa lugha yao, wakimshukuru kwa kutowasahau. Kitabu chake kilisahauliwa kwa miongo mingi, hadi wahakiki walipomfufua. Toleo jipya la kazi zake lilitoka mwaka 1995.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Edith alikuwa na asili mbili, na ile iliyodharauliwa ndiyo aliyoitetea hadharani. Nasi ambao katika lugha yetu neno chotara bado hutamkwa na wengine kwa kejeli, tunayo sababu ya kumsoma.