ELIJAH McCOY, FUNDI WA MAFUTA



Kila mtu kati yetu anajua bureti ya mafuta, kile kikopo cha chuma chenye mdomo mrefu mwembamba. Unakifinya, tone moja linatoka, na baiskeli inaacha kulia. Fundi mwenye mikono mizuri anaweza hata kujitengenezea yake nyumbani kwa kipande cha bati. Ni kitu kidogo, tena kinachafua mikono. Lakini ni kwa kazi ya bureti mtu mweusi mmoja alianza njia iliyofikisha jina lake mbali sana. Ndiye tunataka kuwasimulia leo.

Elijah McCoy alizaliwa mwaka wa 1844 kule Colchester, jimbo la Ontario, katika Kanada. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa katika Kentucky, Marekani. Walitoroka kwa msaada wa watu waliokuwa wanaficha watumwa njiani, wakafika Kanada, sababu Uingereza ilikuwa imekwisha kukataza utumwa katika makoloni yake tangu 1834. Baadaye jamaa yao ilirudi Marekani, ikakaa Ypsilanti, jimbo la Michigan.

Kijana alipenda mambo ya mashini. Alipofika miaka 15 wazazi wakamtuma ng'ambo ya bahari, mpaka Edinburgh katika Scotland, ajifunze ufundi. Fikirini: watu waliotoka utumwani, na mtoto wao anasomea uenjenyeri Ulaya! Alisoma, akafaulu, akarudi.

Sasa mnafikiri alipata kazi gani? Alipiga hodi kwa kampuni ya reli, Michigan Central. Wakubwa walitazama rangi ya ngozi yake, masomo yake hawakuyatazama. Walimpa koleo ya kutupa makala ya mawe ndani ya moto wa lokomotivu, na bureti ya kupaka mafuta. Basi, enjenyeri akawa mtu wa koleo.

Wengine wangalikasirika na kuacha. Yeye aliishika kazi, lakini macho yake hayakulala. Aliona ya kama chuma kikisugua chuma bila mafuta kinapata moto, kinaliwa, mwisho kinakwama. Juu ya hiyo treni ilikuwa lazima isimame mara kwa mara, mtu ashuke na bureti, azunguke mashini yote, ndipo safari iendelee. Saa nyingi zilipotea bure, hata kwa viwanda vyenye mashini za mvuke.

Akajiuliza: je, mashini haiwezi kujipaka mafuta yenyewe huku inatembea? Alikuwa na ateliye ndogo nyumbani, Ypsilanti. Kisha kazi ya mchana, huko ndiko alikuwa anajaribu na kurudia. Mwisho alitengeneza kikombe cha mafuta kilichofungwa juu ya mashini. Nguvu ya mvuke wa mashini ile ile ndiyo ilipitisha mafuta kidogo kidogo mpaka pahali yanapohitajiwa. Hakuna kusimama tena! Mwaka wa 1872 serikali ya Marekani ilimpa breve, ni kusema karatasi inayolinda kazi ya mvumbuzi. Mwaka ule ule alifiwa na bibi yake wa kwanza, Ann. Alioa tena mwaka wa 1873, bibi Mary.

Hakuishia pale. Maisha yake yote alipata breve 57, karibu zote za mambo ya mafuta ya mashini, lakini hata meza ya kupigia pasi imo, ya mwaka wa 1874. Wengi wanasimulia ya kama Waamerika wakitaka kitu cha kweli, si cha kuigiza, wanataja jina McCoy juu yake yeye. Habari hiyo ni tamu, lakini msemo wa namna ile ulikuwako Scotland mbele yake. Sifa yake haihitaji msaada huo.

Shida yake ilikuwa feza. Juu ya kukosa mali alilazimika kuuza haki za breve zake nyingi, na faida ikaenda kwa wengine. Ni mwaka wa 1920 tu, akiwa mzee wa miaka 76, alifungua kampuni yenye jina lake kule Detroit. Mwaka wa 1922 yeye na Mary walipata aksida ya gari. Mary akafa kwa ajili yake, na mzee hakupona vizuri tena. Alikufa tarehe 10 Oktoba 1929, katika nyumba ya kutunzia wagonjwa na maskini. Mwaka wa 2012 ofisi ya breve ya serikali kule Detroit ilipewa jina lake.

Wenzetu, kuna kati yetu wanaosema: mimi niko na diploma, siwezi kushika grisi. Na wengine, wakinyimwa haki, wanalala tu. McCoy alinyimwa haki kweli, na ubaya ule tusiuite mwema. Lakini ile kazi waliyompa ili kumshusha, aliichungulia mpaka ndani, akaona kitu ambacho wale wakubwa hawakukiona. Basi kesho ukipewa bureti, uishike vizuri, na utazame.