Samuel Adams: Mkusanya Kodi Aliyeipinga Kodi

Unapotajwa uhuru wa Marekani wengi humkumbuka George Washington. Mimi humkumbuka Samuel Adams, mzaliwa wa Boston mwaka 1722, msomi wa Harvard, ambaye kuanzia mwaka 1756 alikuwa mkusanya kodi wa mji wake. Hakuwabana walioshindwa kulipa, mwishowe akadaiwa yeye.

Mwaka 1765 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya stempu: magazeti, mikataba na hati za mahakama vitozwe kodi. Makoloni hayakuwa na mbunge hata mmoja London, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya Adams: asiyewakilishwa hatozwi. Watu waligoma, sheria ikafutwa mwaka 1766. Zikaja kodi nyingine, hata usiku wa Desemba 16, 1773, makasha 342 ya chai yakatupwa baharini bandarini Boston. Mwaka 1776 Adams akatia saini Tangazo la Uhuru.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, wakiwemo askari waliopigania uhuru huo, waliinuka kupinga kodi nzito na kufilisiwa kwa madeni. Safari hii Adams alikuwa upande wa serikali. Alishikilia kwamba anayeasi jamhuri yenye uchaguzi anastahili kifo. Tatizo ni kuwa kura yenyewe ilikuwa ya wenye mali.

Alifariki mwaka 1803. Mimi nawaambia wanafunzi wangu: msimamo wa mtu juu ya dhulma upimeni siku anaposhika madaraka.