Bwana Aliyeipima Dunia

Muhula uliopita, katika jaribio la hesabu, niliulizwa tani 5 ni gramu ngapi. Nikaandika 5,000. Kumbe hizo ni kilo. Gramu ni 5,000,000. Sifuri tatu ziliniponza, wenzangu wakanicheka, nami nikaona haya hata nikataka kuichukia hesabu. Ndipo mwalimu wetu akanipa habari za Henry Cavendish nizisome. Nawasimulia nanyi, ndugu wasomaji.

Bwana huyu alikuwa Mwingereza, lakini alizaliwa Nice, mji ambao leo uko Ufaransa, tarehe 10 Oktoba, 1731. Alisoma Cambridge, akaondoka mwaka 1753 bila shahada. Baadaye alirithi mali nyingi mno, lakini mali haikumpumbaza. Alivaa nguo za mtindo wa zamani, na kwa haya zake hata chakula alimwagizia mtumishi kwa kikaratasi.

Kazi yake kubwa aliifanya uzeeni, mwaka 1797 na 1798, huko Clapham, karibu na London. Rafiki yake, kasisi John Michell, alikuwa ametengeneza chombo cha kuipimia dunia, akafa mwaka 1793 kabla ya kukitumia. Cavendish akakiunda upya. Alitundika ufito kwa waya mwembamba, na kila ncha akaning'iniza tufe dogo la risasi lenye gramu 730 hivi. Karibu nayo akaleta matufe mawili makubwa, kila moja kilo 158 hivi. Kwa kuwa kila kitu huvuta kingine, ufito ukageuka kidogo sana. Mvuto ule haukufika hata uzito wa sehemu ya hamsini ya miligramu moja! Upepo mdogo tu ungaliharibu kazi yote, kwa hiyo alikifungia chombo chumbani, akachungulia kwa darubini kutoka nje.

Uzito wa tufe dogo ndio nguvu ya dunia kulivuta. Akailinganisha nguvu hiyo na mvuto wa tufe kubwa, akaona kwamba dunia ni nzito kama mara tano na nusu kuliko maji ya ukubwa ule ule. Kwa hesabu ya leo, hizo ni tani 6 hivi zenye sifuri 21 nyuma yake. Ukitaka kilo, ongeza sifuri tatu. Ukitaka gramu, ongeza tatu tena.

Alifariki tarehe 24 Februari, 1810. Baadaye Francis Baily alizikagua hesabu zake, akakuta kosa: Cavendish aliandika 5.48 mahali pa 5.448. Mtu aliyevumilia kupima kitu kidogo hivyo alikosea katika hesabu nyepesi! Lakini kazi yake haikutupwa. Ilisahihishwa tu, na mpaka leo inasifiwa.

Basi nami sikuiacha hesabu. Kila nigeuzapo tani kuwa gramu, nazihesabu sifuri zangu mara mbili, kisha nampa jirani yangu azihesabu mara ya tatu.